Alichosema Mama Yusuf simu ilipozimwa

Turffontein, Jumanne, Mei 2018

Huyu Mama Yusuf wa ghorofa ya juu bado simwelewi. Leo ameleta gauni nilipunguze kiuno. Neema wangu, ambaye yuko chuo kikuu wakati mimi niliishia darasa la sita, akaomba amrekodi kuhusu watawala wa kwao Gaza, wale wenye bunduki.

"Wanatulinda," akasema mbele ya simu. "Sote tunawapenda."

Sote? Hata kanisani kwetu mchungaji hapendwi na wote.

Neema alipozima simu na kwenda kununua maziwa, mama huyu akautazama mlango kwanza. "Wanaotupiga mabomu nawachukia. Lakini na hawa wetu hawatuulizi kitu kabla ya kuanza vita. Usimwambie mtu, dada. Kaka yangu bado yuko kule."

Sasa lipi ni la kweli? Nikahisi ananipima. Kisha akaniuliza, "Na wenye bunduki wa kwenu Kivu, unawapenda?"

Nikajikuta nami nautazama mlango, hapa hapa Johannesburg.

Neema akarudi na maziwa. "Mama, amesema nini tena?"

"Ameuliza bei ya gauni."

Mtoto yule ana akili sana. Najua hajaniamini.