Mawaridi ya Harusi ya Chisomo

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumanne. Baridi kavu, upepo unaingia kwa kila tundu la ukuta. Maua ninayokausha yanaupenda. Vidole vyangu hapana.

Leo nilienda Nsungwi, Lilongwe, kumpelekea Chisomo maua yake ya harusi. Aliniachia nimkaushie mawaridi saba aliyoshika kanisani, yote kutoka bustani ya baba yake. Wiki mbili baada ya harusi, mzee akafariki.

Niungame hapa. Nilifanya haraka. Kwa kawaida nayaning'iniza kichwa chini, gizani, wiki tatu nzima. Niliposikia msiba, nilitaka Chisomo apate upesi kitu cha kushika, nikayasogeza karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Jana, nikiyapanga kwenye katoni, moja likapukutika lote mkononi.

Nililia. Mume wangu, Papa Neema, akaacha cherehani yake.

"Weka ingine ya rangi ile ile," akasema. "Nani atajua?"

Nikaweka. Yeye akashona mito midogo ya mabaki ya vitambaa, akaipachika pembeni ili maua yasitikisike njiani. Hajui kufariji kwa maneno, mume wangu. Anashona.

Ila ndani ya basi nilishindwa kuliangalia lile waridi la kuazima. Nikalitoa kabla ya kushuka.

Chisomo alifungua, akahesabu kwa kidole. Sita.

"Moja limevunjika mikononi mwangu, dada," nikamwambia kwa Kichewa changu cha kuokoteza. "Nililikausha vibaya. Nisamehe." Nikampa bahasha niliyotunzia petali za lile lililopukutika.

Akazimimina kiganjani, akazinusa, akaanza kulia na kucheka pamoja.

"Bado zinanukia bustani yake," akasema. "Zikomo, asante, dada."

Akaniwekea nsima, ugali wa kwao, akanisimulia habari za baba yake mchana kutwa: jinsi alivyoyaamkua mawaridi kila asubuhi kama wajukuu.

Ua la mtu sitalisogeza karibu na moto tena.

Nyumbani nilimweleza Papa Neema yote. Akakuna kichwa. "Njo vizuri ulisema ukweli. Mi nilikosea."

Tukanywa chai. Halafu akaniuliza, "Na baba yako, kule Bukavu, alipanda nini?"

Miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kuniuliza hilo. Nikamwambia kila mti, kila ua, mpaka chai ikapoa.