Upande wa Mlangoni

3 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mikono imepona michubuko ya ile dawa ya kufulia mashuka ya hospitali? Mimi mzima, kikohozi cha saruji tu.

Baba yuko mahututi gerezani. Jana baba mkubwa kaniita. "Wewe si ndiye fundi wa makaburi? Andaa la baba yako, ubavuni mwa mama yako. Mke na mume hawatenganishwi."

Nikamwambia huyo mume ndiye aliyemuua.

"Kafungwa, yameisha."

Wazee wote wako naye. Wewe ndiye mkubwa wetu. Njoo useme neno.

Mdogo wako,
Fundi


11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mikono inachubuka, lakini inafua. Hicho kikohozi kapime, usinifanyie ubishi.

Siji. Tangu tumzike mama sijakanyaga hapo, na miguu haitaki. Huyo mtu mkamtupe hata jalalani. Usiniandikie tena habari zake.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Umenikataza, lakini hili lazima ulijue.

Nimejenga. Ubavuni mwa mama, upande wa kulia, kaburi la tofali, na jina langu nimelichora kwenye saruji mbichi. Baba mkubwa alipoliona alishika kichwa. "Unajichuria, mwehu we! Nani anajijengea kaburi?"

Nikamwambia nafasi ina mwenyewe, anayetaka avunje. Nikampa nyundo. Hakuipokea.

Unakumbuka tulivyolala? Mama katikati, mimi ukutani, wewe mlangoni, ili baba asimfikie bila kutukanyaga. Alitukanyaga, lakini angalau alichelewa.

Sasa baba mkubwa anasema, basi atamlaza upande wa kushoto. Huo sikuugusa. Si wangu.

Baba bado anapumua.

Mdogo wako,
Fundi


9 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea chumba cha kufulia, mashine zikinguruma, hakuna aliyenisikia nikilia.

Fundi gani wewe, unajenga upande mmoja unaacha mwingine? Nilipopata kazi huku niliondoka, na upande wangu wa mlangoni ukabaki wazi. Mwaka huohuo huyo mtu akapita hapo hapo kumfikia mama.

Chimba wa kushoto. Panga tofali, lakini saruji ya juu usimwage mpaka nifike. Jina langu nitaliandika mwenyewe, kwa kidole.

Nafika Jumamosi. Mwombee huyo mtu asife kabla.

Dada yako