Mukono wangu juu ya mushipa wa muzee

Mama yangu wa Butembo,

Goma inanyesha, lakini niko muzima. Leo hapa hospitali walimupima moyo muzee mumoja wa Kibati kwa mupira mwembamba unaopitia mushipa wa paja. Walipoutoa, daktari akaniambia mimi, mugeni wa kazi hii ya uuguzi, nikandamize mahali pale. Damu ikaanza kutoka. "Kaza, usiachie," akasema. Nilikaza.

"Mutoto wangu, nitakufa?" muzee akauliza.

"Hapana, papa. Nimekushika."

Damu ikakatika. Jioni, akila bugali na sambaza, samaki ndogo za ziwa, alisema nina nguvu za mulimaji. Nikamujibu kwamba mama yangu ndiye analima. Hii kazi nitaijua, Mama. Pumzisha mugongo wako, na umukumbatie Papa kwa ajili yangu.

Kavira wako