Mikwaruzo Ndani ya Tangi

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, pamoja na mkeo na wanao wote. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa mabega, ambayo yamezeeka kabla yangu.

Nimesikia kwamba umemtoa shemeji kazini, pale kwenye kituo chako cha kukusanyia maziwa, na nyumbani kwako pia, yeye na wanawe, na sasa amepanga chumba kimoja. Mjane wa ndugu yetu wa kati! Naambiwa maziwa yalikuwa yakiharibika tangini kabla ya gari la kiwanda kufika, nawe ukatangaza mbele ya majirani kwamba mikono yake inaweza kuozesha hata chumvi. Watu walicheka sana. Nami ningecheka, kama ningekuwa sijui.

Tangi lile nililitengeneza mwenyewe, katika karakana hii ninamozeekea ugenini. Nililipiga msasa ndani, kila safari msasa laini zaidi, mpaka kucha ikipita juu ya maungio haikwami popote. Halikung'aa, ni kweli. Lilikuwa la kijivu kilichofifia. Ndivyo linavyotakiwa kuwa. Chombo cha maziwa hakitafutiwi sura. Kinatafutiwa ulaini, uchafu ukose pa kushika.

Kijivu kile kilikutia haya. Uliniambia kwa simu, huku ukicheka, kwamba kabla wageni wa ufunguzi hawajafika uliingia ndani na waya wa kusugulia masufuria, ukasugua mpaka likawaka. Shemeji alikusihi uache, ukamwambia ashughulike na jiko lake. Nikakueleza kwamba maziwa yatajificha kwenye mikwaruzo hiyo, maji ya moto yasiyafikie, na kwamba chembe za ule waya zitashika kutu humo humo. Ukanijibu kwamba nimeoa matangi, ndiyo maana nayaonea wivu.

Kwa hiyo ulijua. Ulipomnyooshea kidole, ulijua.

Wiki iliyopita niliongea naye. Hakukulaumu. Aliniuliza tu kama mikono inaweza kuwa na kasoro ambayo mwenyewe haioni, maana sasa anaogopa hata kuwakandia watoto unga.

Sasa nikwambie jambo ambalo nilitaka uje kuliona kwa macho. Nimeacha kazi, na chumba changu nimekirudisha kwa mwenye nyumba. Narudi kabisa. Najua umenitengea chumba cha mbele na kukipaka rangi, ahsante. Sitalala humo. Nitashuka stendi mchana kweupe, niipite nyumba yako, nifikie kwa shemeji. Watu wakiuliza kaka mkubwa amekosana nini na mdogo wake, nitawaeleza habari za waya, polepole, mpaka wote waelewe. Labda uwaeleze wewe kwanza, na uanze na yeye. Una nafasi hiyo mpaka nifike.

Nisalimie wanaonikumbuka, na wasionikumbuka pia, maana nadhani ndio wengi.

Ni mimi kaka yako,
Fundi