Kinyozi Kamuua Fundi Cherehani

"Mimi nife, wewe upone?" Mwenzangu, ndivyo fundi cherehani alivyomvamia kinyozi mlangoni sasa hivi, futi inaning'inia shingoni!

Si unaujua ule mchezo wa kinyozi wa vita kwenye kompyuta, ule wa kizamani? Askari akifa, harudi. Mwaka wa tatu huu unamtesa, na hauachi. Kumbe askari wake kawapa majina yetu sisi wapangaji, na lake pia! Leo nyumba nzima tukamsikia: "Fundi cherehani kafa! Nimemponza mwenyewe!"

"Ulinipeleka mbele bila ngao?"

"Dada, wewe ndiye mganga wa kikosi, ulikuwa unatibu..."

"BILA NGAO! Nifufue."

Sasa, kumfufua ni kuanza vita upya. Masaa matano yanapotea, na leo ndiyo siku yake pekee ya kupumzika! Jitu zima machozi yakamlenga. Lakini kazima, kawasha.

Fundi kavuta kiti, anaamrisha: "Mimi nirudishe nyuma. Sasa nenda wewe mbele."

Kinyozi kajipeleka. Mshale mmoja, chali! Mmoja!

Fundi kacheka mpaka kashika mbavu. "Haya marehemu, inuka. Njoo kwangu ule, chakula kinapoa."