Jozi ya Pili ya Glavu

Ipuli, Tabora

Dada yangu Tumpe,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, mgongo umeacha kukusumbua, na ukungu wa Tukuyu haujawafungia ndani. Mama kifua chake kinaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Mihayo ameota meno mawili ya chini, akinyonya ananiuma, halafu ananitazama anacheka.

Najua Jumatatu ulikwenda stendi kutupokea, ukasubiri, tusishuke. Nisamehe, dada. Kwenye simu nilikwambia tu "nimeghairi", ukakasirika, ukakata. Lakini ningeelezaje kwa simu? Wewe unaweka spika, shemeji anasikia, watoto wanasikia, kesho jikoni kwa mama wanajua wote. Ndiyo maana nimemwomba mama mmoja wa kwaya anayekuja huko kwenye mkutano wa kanisa akubebee barua hii. Isome kwanza peke yako.

Unajua Baba Mihayo anauza asali sokoni. Wenzake wengi wanachemsha sukari wanachanganya, yeye hachanganyi hata umpige. Kwa tabia hiyo akapata mteja mmoja, mzee daktari mstaafu. Mteja akawa rafiki, na mwaka jana akamwambia, "Kijana, sisi watu kama wewe tunawatafuta." Kumbe yule mzee ndiye mkubwa wa loji ya Frimasoni ya hapa mjini. Wana nyumba yao upande wa Chemchem, kuta nene nyeupe, mlango wa mbao nzito kama ule wa nyumba za zamani za misafara. Wanakutana Alhamisi moja kila mwezi.

Najua hapo umeshika kifua. Hata mimi nilishika. Huku ni kama huko tu: mtu akijenga haraka, Frimasoni, akifiwa, katoa kafara. Jirani yangu aliposikia alikuja kuazima kinu, akamtazama Mihayo mgongoni, akauliza, "Huyo ndiye wa kwanza, siyo? Haya." Akaenda zake na kinu akakisahau. Jioni nikamkabili mume wangu, mtoto nimemkumbatia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Mihayo, mwezi huu tulichotoa ni madawati ya shule na bati la mjane wa ndugu yetu mmoja. Mbuzi kweli tulimla, lakini alinunuliwa mnadani kama mbuzi wa watu wengine."

Basi, shetani aliniondoka siku ile. Kilichobaki ni wivu. Na wivu ni mbaya zaidi, dada, maana shetani unamkemea kanisani na mchungaji anakusaidia. Mwanamke wa mumeo utamkemea kanisa gani?

Ona mwenyewe. Kwangu mimi anashinda na kaptula yenye nta ya nyuki. Ikifika Alhamisi ya loji anaoga mara mbili, suti nyeusi, viatu vinang'aa utadhani anakwenda kuoa. Mtu huyu ukimtuma chumvi anarudi na kibiriti, lakini maneno ya loji anayajua yote kwa moyo, marefu kama zaburi. Anayanong'ona akikamua masega. Nikisogea ananyamaza.

"Ni nini hayo?"

"Ya loji."

"Na mimi ni wa nini?"

"Wewe ni wa nyumbani," akasema, kama vile amenipa sifa.

Na wanavyopendana! Wanaitana ndugu: ndugu mwalimu, ndugu Mhindi wa duka la vitambaa, ndugu mzee wa stesheni. Mmoja akilazwa wanapeana zamu za kumkalia. Mimi nilipovimba titi, mwanao ana wiki mbili, nani alipewa zamu? Mume wangu huyo huyo mmoja, na usingizi ukamchukua kabla yangu. Nilikuwa nawaonea wivu wazee wenye mvi, dada. Cheka tu.

Sasa sikia kiini chenyewe. Alipopokelewa kule loji alirudi na kijisanduku cheusi. Siku moja alikiacha wazi, nikatazama. Kulikuwa na aproni nyeupe ya ngozi ya kondoo, laini mno, na glavu nyeupe jozi mbili. Moja kubwa, ya mikono yake. Ya pili ndogo, ya kike, ina kifungo kidogo penye kifundo cha mkono. Nikakifunga. Nikasema moyoni, ananiwekea, labda atanipa Pasaka. Nilianza hata kupaka mafuta mikono yangu. Pasaka ikapita. Nikakifungua tena kile kisanduku: kubwa ipo, ndogo haipo.

Tangu hapo sikula vizuri. Nilikagua mikono ya kila mwanamke aliyenunua asali yetu. Hata Mayu, ndivyo wanavyoita mama huku, mama yake mume wangu kule Puge, alipotuma karanga na soksi za mtoto alizoshona mwenyewe, sikupiga simu kumshukuru ipasavyo, kichwa kilikuwa hakipo. Soksi zenyewe nyeupe, za ajabu kidogo, ubavuni zina mshono kama kovu, lakini asubuhi za kipupwe zilimfaa mtoto. Nikawa nafua navisha, nafua navisha, huku natafuta glavu.

Nikakumbuka bati la mjane. Nikamfunga Mihayo mgongoni nikaenda Chemchem. Nikamkuta Baba Mihayo kweli juu ya paa na nyundo, mzee wa stesheni ameshika ngazi, na mjane mwenyewe chini na jagi la maji ya ukwaju. Mjane si mzee, dada. Mjane ana mwanya.

"Karibu mama!" akaniita. "Mume wako nimemwazima tu. Bati likiisha namrudisha kama alivyokuja."

Wote wakacheka, hata aliye juu ya paa. Mimi nilitazama mikono ya mjane. Ilikuwa mitupu, ina unga. Nikajiambia, amezificha.

Siku hiyo ndipo nilipokupigia nikakwambia nakuja. Nilifunga begi, nguo za mtoto chini, kitenge ulichonipa juu. Basi ni la Jumatatu, alfajiri. Lakini Jumamosi kabla yake loji walikuwa na chakula cha mchana cha wake zao, mara moja kwa mwaka, wanawake wanaingia kwenye nyumba ile wanakaa mezani. Nikasema nitakwenda. Nimwone huyo mwenye mikono midogo, kisha nipande basi langu.

Dada, waliingia wote na glavu. Wote! Mke wa daktari, mke wa mwalimu, mke wa yule Mhindi wa vitambaa, mama mtu mzima na sari yake ya kijani, hata mjane wa Chemchem, za kwake zimekuwa njano kwa kukaa. Zilikuwa nyeupe za aina moja, zina kifungo kifundoni, na mgongoni mwa kiganja mistari mitatu iliyoinuka. Walizivua walipokaa, wakazilaza kando ya sahani kama watu waliozoea. Aliyeingia mikono mitupu nilikuwa mimi peke yangu.

Mke wa daktari ndiye aliyeketi karibu nami. Nikamuuliza taratibu zinauzwa wapi.

"Haziuzwi, mwanangu. Mwanamume akipokelewa anapewa jozi mbili. Ya kwake, na nyingine ampe mwanamke anayemheshimu kuliko wote duniani." Akatazama mikono yangu. "Za kwako umesahau nyumbani?"

Kuliko wote duniani. Nilitaka ardhi inimeze na wali wangu. Nikamtazama Baba Mihayo upande wa pili wa meza, naye anatafuna hana habari. Nikasema, leo si Jumatatu, leo hii hii natoka. Nikamwinua mtoto kutoka mapajani nisimame naye.

Mihayo akapiga teke. Unajua mateke yake. Mguu ukatua mezani, katikati ya glavu za mke wa daktari, na soksi ikalala pale pale kando yake. Mistari mitatu juu ya mguu. Kifungo kifundoni. Na ule mshono kama kovu, dada, ndipo palipokuwa na dole gumba.

Mke wa daktari akashika ule mguu, akaugeuza huku na huku. Akaita, "Jamani, njooni mwone! Huyu ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote!" Meza nzima ikaangua kicheko. Mjane wa Chemchem alifuta machozi akasema, "Mimi za kwangu nilivaa mkononi miaka yote, kumbe sikujua kuvaa."

Sikucheka. Tulipofika nyumbani nikamuuliza. Akainamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Waliniambia ninayemheshimu kuliko wote. Sasa mimi Mnyamwezi nitasimama wapi niseme namheshimu mke kuliko mama? Wewe nakupenda. Heshima nikaipeleka Puge."

"Basi na ugali ukaule Puge," nikamwambia. Nikapiga simu huko huko Puge, nikiwa bado nimewaka.

"Mayu, shikamoo."

"Marahaba mkwe wangu. Umeshajua?" Hata sijasema neno! Akacheka, kikohozi kikamshika. "Aliniletea soksi za mikono. Nikamwambia, wewe Maganga, mikono hii imekuzwa na jembe, vitaingia vidole viwili. Nikamwambia rudisha, mpe mwenye nyumba yako. Akaona aibu. Akaniachia, akaondoka."

"Ungenitumia mimi, Mayu. Za kwangu zingenienea."

"Ningekutumia makombo? Kitu kilichotolewa kwa mama mkwe kikirudi kwa mke ni makombo, ungekivaa huku roho inakuuma. Mtoto hana makombo. Mtoto hula sahani ya yeyote. Nikachukua mkasi. Na hivi, baridi inampata bado?"

"Haimpati, Mayu."

"Basi kamfungulie mlango mwanangu, maana nakujua umemfungia nje."

Alikuwa nje kweli, dada, amekaa kwenye debe la asali. Nikafungua. Begi pia nikalifungua, kitenge chako ndicho nimevaa leo nikikuandikia. Usidhani wivu umekwisha. Bado naona jina langu lilipaswa kutajwa kwanza. Amesema ataiomba loji jozi nyingine, nimemkatalia. Lakini ameanza kuyanong'ona yale maneno yake bila kunyamaza ninapopita. Sielewi hata moja, ila sauti yake nzuri.

Msalimie mama, mwambie Mihayo ana paji la uso lake. Msalimie baba na kahawa yake, mjomba mpiga tarumbeta wa kanisani, bibi wa ng'ambo ya mto anayeniombea, na shemeji, ambaye najua amesoma barua hii begani kwako. Ndaga, asante sana kwa kwenda stendi, dada. Siku nyingine nitashuka kweli, tukiwa watatu, kwa matembezi.

Soksi zimeanza kumbana. Mwakani kwenye kile chakula nitakwenda mikono mitupu, nikiwa nimemshika mkono mwanangu, anatembea kwa miguu yake.

Ni mimi mdogo wako mwenye wivu,
Atuganile, Mama Mihayo