Sinki la Kijani na Kisima cha Baba Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana nyumbani sina wa kumwambia. Niliolewa nikakuta kisima alichochimba marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na mama mkwe anakisifia kila siku, mgeni hajakaa vizuri ameshaletewa glasi ya maji aonje aseme matamu, sasa sinki letu lina michirizi ya kijani chini ya bomba, nasugua kwa limau inatoka, baada ya siku chache imerudi, mama mkwe anasema ni uvivu wangu, na mabomba ya shaba yanatoboka vitundu kama vya sindano, mume wangu anafukuza fundi huyu analeta yule, wote anawaita matapeli, wa mwisho alipotamka kwamba huenda maji yenyewe yana asidi, mume wangu alifura, "Unamtukana baba yangu nyumbani kwake?" fundi akafungasha vifaa akaenda zake, mimi nikarudi kusugua sinki. Lakini mtoto wetu ameanza maziwa ya unga, nayakoroga kwa maji hayo hayo, na asubuhi maji ya bomba yana ladha ya chuma, naogopa, nikisema nitaonekana mkorofi, nifanye nini?

Mke wa Kitinda Mimba

Mama mtoto, pole, na hilo limau liweke chini. Kijani hicho ni shaba ya mabomba yenu inayoliwa na maji na kuja kutua kwenye sinki. Uvivu wako hauhusiki. Fundi uliyemwacha aondoke bila kumtetea huenda alikuwa amepatia. Naelewa ulivyoogopa, ila mwanao ndiye anayeunywa huo woga wako, na hapo sikubembelezi.

Kuanzia leo mtoto asipewe maji ya bomba. Kuchemsha hakuondoi shaba, usijidanganye. Mtafutie maji ya kunywa ya dukani. Kisha jaza chupa mbili safi, moja kisimani, nyingine bombani asubuhi kabla hamjatumia maji, upeleke maabara wapime asidi na shaba. Ikithibitika, fundi awafungie tangi lenye mawe ya chokaa yaliyopondwa, maji yapite humo yapungue ukali kabla ya kuingia ndani. Mawe hayo huisha taratibu, kwa hiyo muwe mnayaongeza. Mabomba yaliyotoboka wekeni ya plastiki. Kufunga shaba mpya bila kutibu maji ni kazi bure.

Mumeo mwambie mbele ya mama yake, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno: baba alichimba kisima, miamba iliyo chini, isiyo na chokaa ya kupunguza ukali wa maji, hakuiweka yeye. Mama mkwe akinuna, mpakatishe mjukuu wake, kisha muulize kama marehemu angemletea huyu ile glasi ya wageni.